Muulize Mwalimu: Kijana amehamia ziwani

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Igombe, naanika na kuuza dagaa. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 16, yuko kidato cha pili. Darasa la saba alifaulu vizuri mpaka majirani wakaja kunipongeza. Sasa shule imemshinda. Wiki hii yupo, wiki mbili zinazofuata hayupo. Asubuhi anavaa sare anatoka, mchana mwalimu wake ananipigia simu kuniuliza mtoto yuko wapi. Kumbe usiku anaingia ziwani na mitumbwi ya dagaa, mchana analala kwenye banda la nyavu. Mimi nimempiga, mjomba wake amempiga, na shuleni amechapwa. Ndiyo kwanza amekuwa bubu. Sitaficha: mara ya kwanza alipoleta ndoo ya dagaa na elfu nane, nilipokea, maana baba yao alikwenda kambi ya uvuvi ya Goziba mwaka juzi na hajarudi. Nimfanyeje?*
— Mama wa Igombe

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa naziangalia hizo wiki tu. Kabla hujafanya lolote, leo usiku toka nje utazame mwezi.

Mwaka 1994 nilikuwa mwalimu wa darasa katika sekondari moja ya kando ya ziwa. Kulikuwa na kijana analala kwenye kipindi changu cha jiografia, shavu juu ya mkono, mate yanadondoka kwenye ramani. Nilimchapa. Wiki iliyofuata nikamchapa tena. Mara ya tatu nilipomwinamia kumwamsha nikaona masizi kwenye matundu ya pua, meusi tititi. Masizi ya karabai. Siku hizo dagaa walivuliwa kwa karabai za mafuta ya taa. Hizi taa za sola za siku hizi haziachi alama, ndiyo maana hata wewe ulichelewa kujua.

Jioni nikabeba rejista hadi nyumbani, nikaiweka kando ya kalenda ya Kiislamu ya jirani yangu. Kijana alikuwa anaonekana shule tarehe 12 hadi 19 hivi za mwezi mwandamo. Siku nyingine, patupu. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, naye anakuja shule. Giza likirudi, anarudi kazini. Ofisini tulimwita mtoro. Alikuwa mfanyakazi mwenye ratiba, na likizo yake alikuja kuimalizia kwangu.

Wewe unayeanika dagaa unalijua giza kuliko mimi. Hesabu siku zake, utaona.

Lakini ziwa ni nusu tu ya habari. Ziwa lilikuwepo hapo hapo Igombe alipokuwa darasa la tano, na halikumchukua. Kwa nini lije kumchukua sekondari? Tafuta daftari lake la bailojia la kidato cha kwanza. Si la mwaka huu, la kidato cha kwanza. Kurasa za Januari utazikuta safi, tarehe imepigiwa mstari kwa rula. Kufika Machi au Aprili sentensi zinakatika katikati, maana ubao ulifutwa hajamaliza kunakili. Halafu maneno yanaanza kukosa herufi. Neno lile lile limeandikwa namna tatu kwenye ukurasa mmoja. Ukiona hivyo, usiseme mvivu. Mvivu haandiki kabisa. Huyu alikuwa anachora maneno asiyoyajua, ukurasa baada ya ukurasa, kwa sababu kunyamaza na kuandika ndiko kulikomwepusha na fimbo. Mbele kidogo utakuta ukurasa wenye tarehe peke yake. Kwa hesabu yangu, siku hiyo ndiyo aliyoacha shule. Miguu ilifuata baadaye.

Alisoma miaka saba kwa Kiswahili. Alijua kueleza mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, tena kwa kujiamini. Akaingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote yakageuka Kiingereza. Na kama nyumbani mnazungumza Kisukuma au Kijita, Kiingereza ni lugha yake ya tatu. Wapo wanaosema zile wiki za matayarisho ya Kiingereza mwanzoni zinatosha. Nimefundisha miaka 31, sijaona zikitosha. Darasani akisimamishwa kujibu, wenzake wanaangua kicheko. Mtumbwini nahodha anasema vuta, anavuta, na alfajiri anahesabiwa hela yake mkononi. Hata mimi ningekwenda ziwani.

Watakuja wa kukwambia kwamba elimu ni bure, analia nini. Ni kweli, tangu Januari 2016 ile ada ya 20,000 kwa mwaka ya sekondari za kutwa za serikali haipo. Viatu, madaftari na chakula cha mchana vipo palepale.

Sasa hiyo elfu nane. Sikulaumu, mama. Mimi mwenyewe nimesomeshwa kwa dagaa wa kaka yangu, ambaye darasa la saba hakulimaliza. Ila ulipoipokea, kijana alielewa kwamba nafasi ya baba amekabidhiwa yeye. Ndiyo maana fimbo haimwingii: huwezi kumchapa mtu uliyempa nyumba akulindie. Kaa naye umwambie kwa mdomo wako kwamba ulikosea kuipokea, na kwamba nyumba unaichukua tena wewe. Mtaumia kidogo kwenye chakula, najua. Jumamosi mchana aanike nawe, umlipe chochote, ashike hela yake mwenyewe. Kazi ya mchana ya kukusaidia haina ubaya.

Ya usiku ni jambo jingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanyishwa kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Mwenye mtumbwi anajua. Usiende kwake na kelele wala machozi, amekwisha kuyazoea. Nenda na mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo wenu, mwongee watu watatu, taratibu. Tajiri anaogopa mtumbwi wake kusimamishwa kuliko anavyoogopa laana ya mama.

Yote haya yafanye mbalamwezi, akiwa nyumbani, amelala vya kutosha na mfukoni pamekauka. Hapo ndipo anasikia. Kisha chukua lile daftari, si yeye, ulipeleke kwa mwalimu wake wa darasa. Mwonyeshe ule ukurasa wenye tarehe tupu. Mwombe kwa mwezi mmoja asimsimamishe kujibu mbele ya wenzake, na amweke karibu na mwanafunzi asiye na dharau. Kurasa za mwisho za daftari aandike maneno matano kila siku, Kiingereza upande huu, Kiswahili upande ule. Matano, si ishirini. Na kama mwisho wa mwaka atafeli upimaji wa kidato cha pili, atarudia darasa. Acha arudie, tena usiruhusu mjomba afanye matanga.

Yule wa 1994 sikumpata. Nilipoielewa rejista lilikuwa giza, na mbalamwezi iliyofuata hakuja. Kwa hiyo usinisubiri mimi wala toleo lijalo.

*Shikamoo bibi. Niko Ukerewe, nina miaka 18. Niliacha shule kidato cha tatu nilipopata ujauzito. Mtoto sasa ana miezi tisa. Shangazi anasema nikirudi nitafukuzwa getini. Ni kweli?*
— Msichana wa Nansio

Marahaba, mjukuu wangu. Shangazi anasema ya zamani. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unaruhusu walioacha shule kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwemo, kurudi katika mfumo rasmi. Nenda na mzazi au mlezi kwa mkuu wa shule uliyosoma, mkiutaja huo waraka kwa namba yake. Mkiona anazungukazunguka, nendeni kwa afisa elimu sekondari wa wilaya, na msiondoke bila jibu. Usipotaka kukaa tena na waliokucheka, iko njia ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima: unafanya mtihani wa maarifa, yaani QT, halafu wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Anza kumzoesha mtoto uji kwa kikombe sasa hivi, ili asubuhi asikulilie kunyonya ukiwa mlangoni. Na sare ya zamani ikikubana, usikimbilie kununua. Fumua mshono wa ubavuni, kwa kawaida mafundi huacha kitambaa cha kutosha pale ndani.