Wakala anavuruga mipangilio ya ESLint

SWALI: Ndugu mhariri, tuna mradi wa JavaScript. Kila ESLint (programu ya kukagua msimbo) ikikuta makosa, wakala wa akili unde anadhani programu imeharibika, anaanza kubadili mipangilio. Maelezo yake ya kazi tumeyaandika vizuri tu. Tufanyeje?
Msomaji, Moshi

JIBU: Bila shaka hamkumweleza maana ya namba ambayo ESLint huirudisha ikimaliza kazi. 0 ni salama; 1 ni kwamba imekuta makosa kwenye msimbo, yaani yenyewe ni nzima; 2 ni mipangilio mibovu au programu kuanguka. Asiyejua hilo huichukulia 1 kama 2. Wekeni hayo mwanzoni kabisa mwa maelezo, kila namba na hatua yake: “Ikirudi 1, soma ripoti, rekebisha msimbo, usiguse eslint.config.js (faili la mipangilio).”

Kisha mpeni amri nzima ya kunakili, `npx eslint src --format json`, na kipande cha matokeo halisi chenye `ruleId` (jina la kanuni iliyovunjwa) na `line` (namba ya mstari). Sampuli hiyo ina faida kuliko aya tatu za sifa.

Onyo pekee halibadilishi 0, labda muongeze `--max-warnings 0`. Na msisahau: `--fix` hurekebisha makosa na kuandika juu ya mafaili, `--fix-dry-run` haiyagusi.