Anamaliza kitabu kizima lakini haelewi: je, niache kuongea naye Kiswahili?

SWALI: Mwanangu ana miaka 8, yuko darasa la pili katika shule ya Kiingereza hapa Morogoro. Akishika kitabu chake cha kusoma anakimaliza chote bila kukwama, lakini nikimuuliza kinasema nini ananyamaza. Mwalimu wake anasema tatizo ni Kiswahili tunachoongea nyumbani, pamoja na bibi yake anayemsimulia hadithi za Kiluguru. Tuache, tuongee Kiingereza tu. Mimi niliishia darasa la saba, Kiingereza changu ni cha salamu. Kuna mtu pia ananiuzia kozi ya kadi na video, anasema ndani ya siku 21 mtoto atasoma na kuelewa. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, hela ya kozi usiitoe, na bibi usimnyamazishe. Mengine yatafuata.

Kesho jioni mtoto akishakula, chukua kitabu kilekile anachokimaliza bila kukwama. Kifungue katikati, picha izibe kwa kiganja, umwonyeshe neno la mstari wa tatu, kisha la mstari wa kwanza, kisha la mwisho. Chagua maneno matano humo, uyaandike kwenye karatasi kwa mwandiko wako, ayasome. Baada ya hapo mwandikie sentensi ya Kiswahili ambayo hajawahi kuiona popote: Bibi alichemsha mihogo, mbuzi akaimwaga. Akishaisoma, muulize nani kamwaga nini.

Akikwama kwenye yale maneno matano, kitabu hakisomi, amekikariri. Akiyasoma yote, na ya mbuzi akayaelewa, basi kusoma anajua, kinachomshinda ni maneno ya Kiingereza asiyoyafahamu. Na akienda mbu-zi-a-ka-i-mwa-ga kwa kidole, akifika mwisho mwanzo umeshampotea, silabi anazijua ila bado ni mzito. Hao ni watoto watatu tofauti, kila mmoja na shida yake. Aliyekwambia "acheni Kiswahili" amewaandikia wote watatu kidonge kimoja.

Kwa jinsi ulivyoeleza, nahisi wako ni wa kwanza. Nimewaona wengi. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa mtoto wa darasa la pili, nyota wa darasa, anisomee. Sauti safi, anapumzika kwenye kila nukta. Alipofika mstari wa nne nikaufunika ukurasa kwa daftari langu la mahudhurio. Hakusimama. Alilisoma daftari langu la mahudhurio mpaka mwisho wa ukurasa, kisha akanyoosha mkono kufunua ukurasa unaofuata, mahali hasa panapotakiwa. Wenzake wakampigia makofi. Mwalimu wake naye alipiga.

Hili ndilo linalonichosha katika kazi hii: kutamka kunaitwa kusoma. Mzazi anasikia Kiingereza kinatoka mdomoni kwa mtoto, ada anaona imelipa. Mwaka 1986 watafiti wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliliweka jambo hili kwa hesabu fupi ambayo sijaona iliyo bora zaidi: kusoma ni uwezo wa kufumbua maandishi, yaani kugeuza herufi kuwa maneno, mara uwezo wa kuelewa lugha yenyewe. Ni mara, si kujumlisha. Mtoto anayefumbua kila neno lakini lugha hana, amezidisha kwa sifuri. Mwenye lugha tele lakini herufi hazijui, naye ni sifuri.

Sasa urudie ushauri uliopewa. Bibi akinyamaza na wewe ukahamia Kiingereza cha salamu, mtoto atasikia nini nyumbani? Njoo, kula, lala, acha. Kiingereza cha amri. Hatasikia kumbe, wala huenda, wala laiti ningalijua, wala kwa nini Sungura alimdanganya Fisi na Fisi akakubali. Hayo ndiyo anayoyahitaji atakapofika darasa la tano na kukutana na maelezo marefu ya sayansi. Mtoto anayejua kufuata hadithi, kukisia litakalotokea na kugundua kwamba msimuliaji anamtania, huingia na ujuzi huo katika lugha ya pili. Jim Cummins wa Kanada amelieleza hilo tangu mwaka 1979, na madarasa yetu yanalionyesha kila siku. Kiingereza afundishwe shuleni, na afundishwe vizuri, maana ndicho ulicholipia ada. Kiluguru cha bibi hakijawahi kumzuia mtu kujifunza lugha nyingine. Na kitendawili! Bibi akisema "nyumba yangu haina mlango" na mjukuu akafikiri mpaka akapata yai, hapo pamefanyika kazi ya ufahamu ambayo vitabu vingi vya mazoezi haviigusi.

Halafu Kiswahili kina neema ambayo wazazi wa shule za Kiingereza wanaitupa. Herufi zetu hazidanganyi: a ni a popote uikutapo. Kwa Kiingereza ough moja inasomeka hivi kwenye though, vile kwenye cough, na vingine kabisa kwenye through. Philip Seymour na wenzake walilinganisha lugha za Ulaya zaidi ya kumi, wakachapisha matokeo mwaka 2003: baada ya mwaka mmoja hivi wa masomo, watoto wa Kifini na Kiitaliano walisoma karibu kila neno la kawaida waliloonyeshwa, lakini wale wa Kiingereza hawakufikia nusu. Kiswahili hakikuwamo katika utafiti huo, ila maandishi yake ni ya kundi la Kifini. Kwa hiyo kama mwanao amekariri, mfundishe kufumbua kwa Kiswahili kwanza. Ni kazi nyepesi kuliko ya Kiingereza, na mwalimu wake ni wewe wa darasa la saba. Anza na maneno ya silabi mbili, halafu mbwa, ng'ombe, nywele, kisha maneno marefu kama hawakumsubiri, ambalo ni neno moja lenye sentensi nzima tumboni. Kama ni yule mzito, aya ileile muisome pamoja mara tatu, wewe ukitangulia kidogo tu. Vitabu vya hadithi vya Kiswahili vinapatikana bure mtandaoni, African Storybook wanavyo, na maktaba ya mkoa si ya wanafunzi wa chuo peke yao.

Ninaposema kusoma kwa sauti nyumbani, najua picha inayokujia: mtoto kasimama wima, mzazi kashika rula, kosa moja kofi moja. Hiyo ni kesi ya mahakamani. Mimi nasema wewe ndiye usome, yeye akae ubavuni, macho yake kwenye mstari unaopita kidole chako. Kabla ya kufunua ukurasa, simama. "Unadhani atarudi?" Usubiri, hata kama jibu ni la ajabu. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake, kule Marekani, waliwafundisha wazazi wa watoto wadogo kuuliza hivyo badala ya kusoma moja kwa moja. Baada ya mwezi mmoja watoto hao waliwapita kwa lugha wenzao ambao nao walikuwa wakisomewa. Robo saa inatosha. Siku umeme umekatika, bibi achukue zamu.

Kama sentensi ya mbuzi bado inamshinda baada ya miezi miwili ya kukaa naye hivi, mpeleke akapimwe macho na masikio. Nimeona "mvivu" aliyekuwa na sikio linalotoa usaha tangu chekechea.

Sasa hao wa siku 21. Wamejaa, na nyie wazazi wenye uchungu na watoto ndio soko lao. Leo ni kadi, kesho ni video, keshokutwa ni unga wa kuongeza akili unaouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp pamoja na picha ya mtoto aliyevaa miwani. Si wetu tu. Mwaka 2012 Tume ya Biashara ya Marekani iliishitaki kampuni iliyokuwa ikiuza video na kadi kwa madai kwamba watoto wachanga wa miezi tisa wangejifunza kusoma. Tume ikasema madai hayo hayakuwa na uthibitisho wa kisayansi. Hao watoto walikuwa wakitambua umbo la kadi kama unavyotambua rangi za daladala yako kwa mbali. Ushahidi wanaokuonyesha wauzaji wetu ni wa aina hiyohiyo: kipande cha video, mtoto anataja kadi hamsini upesi upesi. Kadi hizohizo hamsini alizokaa nazo wiki tatu. Na mzazi akilalamika, anaambiwa alikatisha kozi, anunue hatua ya pili.

Huyo wako akirudi, usibishane naye. Mwambie kadi aziache mezani, achukue mfuko wako wa sembe, amwombe mwanafunzi wake yeyote asome maneno madogo yaliyoandikwa nyuma. Wengi hukumbuka kwamba wana safari.