Niliitwa, nikajificha miaka sita

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juzi dada mmoja wa Arusha ameniandikia: "Nasikia Mungu ananiita kumtumikia, ila naogopa. Wewe ulianzaje?" Ujumbe wake nimeusoma mara tatu nikiwa kwenye daladala la Machame, maana miaka kumi iliyopita ningeuandika mimi.

Nina kigugumizi. Wanaonifahamu hapa Moshi wanajua. Nikiwa na miaka 19 nilipewa kusoma somo la Agano la Kale ibadani, nikakwama kwenye jina Nebukadreza. Ne, ne, ne... mpaka vijana wa kwaya wakaanza kucheka, na mzee mmoja wa kanisa akaja akaichukua Biblia mikononi mwangu, akamalizia yeye. Hakuniambia kitu siku ile, wala baadaye. Nimesamehe. Lakini ile mikono bado naiona.

Basi wito ulipokuja, kisingizio nilikuwa nacho tayari. Nilikuwa keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mama alikuwa amelazwa. Kitanda cha pili alilala bibi mmoja ambaye hakuwa na mtu wa kumwangalia. Usiku akanishika kanga: "Mwanangu, niombee." Nikamjibu, "Bibi, asubuhi nitakuitia mchungaji." Alfajiri niliporudi na chupa ya uji, godoro lake lilikuwa limekunjwa, limeegemezwa ukutani. Hata jina lake sikuwa nimemuuliza.

Pale nilijua nimeitwa. Na bado nikajificha miaka sita! Nilitoa ahadi kubwa kubwa, nikanunulia kwaya sare, kila sikukuu ya mavuno nikapeleka mkungu wa ndizi wa mnada, ilimradi nisiulizwe habari ya nafsi yangu. Wapendwa, Mungu hahongwi ndizi.

Kilichonivunja ni safari ya jumuiya yetu kwenda Akeri, Meru, walikouawa mwaka 1896 wamishonari wawili vijana wa shirika la misheni la Leipzig, Ujerumani, Ovir na Segebrock. (Kisasi cha Wajerumani baada ya pale kiliua Wameru na Waarusha wengi, na hilo tusilifiche tunaposimulia habari hii.) Mwaka 1902 wenzao wakaja kuanza kazi Nkoaranga, kwenye Mlima Meru uleule. Nilisimama pale kwenye majani mabichi nikawaza: hawa wa 1902 walijua vizuri kilichowapata wenzao, wakaja. Mimi naogopa kuchekwa.

Jumatatu yake nikamwendea mchungaji, nikamweleza kwa kukwamakwama. Akanipa kazi ya kutembelea wagonjwa kila Jumatano. Ya chuo cha uinjilisti nayaruka, yalikuwa madaftari na maharage tu. Kaka yangu mkubwa alinisimamisha mbele ya ukoo mzima akaniuliza, "Utakula Biblia?" Sikumjibu. Jumamosi iliyopita nimeongoza mazishi kwa mara ya kwanza, kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, watu wamejaa mpaka kwenye migomba. Udongo kwa udongo, majivu kwa majivu, nikafika kwenye mavumbi nikakwama. Mavu... mavu... Udongo uko mkononi. Hakuna aliyecheka. Walinisubiri, nikamaliza.

Sasa dada yangu, mwambie mtu mmoja leo. Wito ukiufungia moyoni unageuka majuto. Usisubiri hofu iishe, kwa sababu haiishi. Musa alilalamika kwamba ulimi wake ni mzito, akapewa Haruni wa kumsemea. Ulimi mpya hakupewa. Wala usiache kazi kwa pupa. Mimi nilikuwa na mkopo wa SACCOS, nikaulipa kwanza, miezi 14, huku Jumatano zangu sikosi. Ila mkopo nao usiufanye Tarshishi yako, mahali Yona alikotaka kumkimbilia Mungu asimtume! Wangapi tunasema "nikimaliza kujenga", "watoto wakimaliza shule", na nywele zinageuka nyeupe? Unamwogopa nani? Aliyekuita anakufahamu tangu tumboni mwa mama yako, kigugumizi chako hakijamshangaza. Simama! Mwambie mtu mmoja, nasema tena, leo.

Na Jumatano hii, saa za kuona wagonjwa, ingia wodi yoyote hapo Arusha. Tafuta kitanda ambacho hakina mgeni, ukae. Muulize jina.