Kimraba cha kichupa cha chanjo: kwa nini kikishaiva hakirudi

Mkuu, umeuliza kama kile kimraba kwenye lebo ya kichupa cha chanjo ni kipimajoto, maana ulimwona mhudumu akikikagua kabla ya kumpa mwanao matone ya polio. Si kipimajoto. Kipimajoto kinakupa joto la sasa hivi. Kimraba kinajumlisha joto lote ambalo kichupa kimepitia tangu kiwandani.

Nimesoma kemia, na nimezunguka na huduma za mkoba vijiji vya Bahi na Chamwino mkoani Dodoma, kibebeo cha chanjo kimefungwa nyuma ya pikipiki. Jua la Oktoba huku mnalijua.

Ndani ya kimraba kuna fuwele za daiasetileni, molekuli ndogo zisizo na rangi. Siri iko kwenye mpangilio. Zinavutana, zinalala sambamba zikiwa zimeinama, kaboni ya mwisho ya sehemu ya kati ya moja inakaribiana na kaboni ya kwanza ya sehemu ya kati ya jirani. Joto likizitikisa zinaungana moja baada ya nyingine, bila kichocheo. Hapo imezaliwa polima: mnyororo mrefu ambao elektroni zimetandaa kando ya uti wake, na kwa sababu hiyo unafyonza mwanga tunaouona. Ndiyo rangi inayokolea kwenye kimraba. Gerhard Wegner wa Ujerumani alilieleza tukio hili mwaka 1969. Vichupa vya polio vikaanza kubandikwa lebo hizi 1996.

Polima za jamii hii zina jambo lingine ninalolipenda sana. Ya bluu ukiipasha moto inageuka nyekundu: vifungo vya haidrojeni kati ya matawi yake vinalegea, uti unajipinda, elektroni zinakosa njia ndefu. Baadhi zikipoa hurudi bluu. Kimraba hakirudi, kwa sababu molekuli zake zimeshaungana kabisa.

Kule Bahi mama mmoja aliniuliza kama jua halijaharibu dawa. Nilimpa kichupa akaangalie mwenyewe: mraba ukiwa mweupe kuliko duara linalouzunguka, chanjo inafaa, ukilingana nalo au kuwa mweusi zaidi, inatupwa. Kwa matone ya polio, nyuzi 37 zinakifikisha huko kwa siku 2 hivi; kwenye friji ya nyuzi 5 inachukua zaidi ya miezi 6.

Ila kimraba hakioni baridi. Penta, chanjo inayokinga magonjwa matano kwa pamoja, ikiganda imeharibika hata kama mraba ni mweupe, kwa hiyo usiigusishe na barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza.