Muswada Ukiwekwa Mezani, Umewekwa Wapi?

Maswali ya safari hii yanazunguka kitenzi kimoja cha Kiingereza, "table". Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Kamusi inasema "table" ni meza. Basi "to table a motion" ni kuiweka hoja mezani?

Ndiyo, akisema Mwingereza, Mkenya au Mtanzania: hoja imeletwa ijadiliwe. Akisema Mmarekani, sivyo: hoja imewekwa kando, pengine imezikwa. Swali hili huletwa kila mara likiwa neno tupu, na neno tupu halijibiki. Leteni sentensi nzima, mseme na nani kaiandika.

Imekuwaje kitenzi kimoja kibebe maana mbili zinazopingana?

Hili ndilo swali. Asili yake ni "tabula" ya Kilatini, yaani ubao. Katika Bunge la Uingereza ipo meza ya kweli, kati ya viti vya serikali na vya upinzani, ambapo makatibu hukaa. Karatasi ikiletwa bungeni iliamriwa "ilale mezani", yaani iwepo pale, mbunge anayetaka aisome. Sasa itazame karatasi iliyolala mezani. Unaweza kusema imefika. Unaweza pia kusema imeachwa. Waingereza wakashika la kwanza, Wamarekani la pili.

Katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, hoja ya kulaza jambo mezani haijadiliwi. Inapigiwa kura papo hapo, na wengi wakiiunga mkono jambo limekwisha. Wanasiasa wanaipenda kwa sababu inaua bila yeyote kusimama kueleza anapinga nini. Sisi tungesema jambo limemezwa, ingawa kumeza huko na meza ya mbao havina undugu.

Katika vyama vya kawaida vya Marekani, makanisa na klabu, mambo ni tofauti kidogo. Wengi hufuata kanuni za Henry Martyn Robert, zilizotoka mara ya kwanza mwaka 1876. Humo hoja inawekwa kiporo tu, kwa kuwa limezuka jambo la dharura, na wingi wa kura unaweza kuirudisha. Chama kinachokutana angalau kila miezi mitatu kina nafasi hadi mwisho wa kikao kinachofuata. Baada ya hapo hoja imekufa, anayeitaka ailete upya. Wenyeviti wengi huitumia njia hii kuwanyamazisha wachache, na kanuni zenyewe zinasema huko ni kuitumia vibaya. Ukiwa mjumbe, simama useme hivyo kabla kura haijapigwa.

Ni kweli neno hili liliwahi kuwagombanisha wakubwa?

Kweli. Winston Churchill ameliandika katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili. Maofisa Waingereza walitaka waraka wao ujadiliwe haraka, wakasema wanataka "ku-table". Wamarekani wakasikia kwamba waraka unafungiwa kabatini usahauliwe. Wakabishana kwa muda mrefu, tena kwa ukali, kabla ya kugundua kwamba wote walikuwa wanataka jambo lilelile.

Natafsiri mihtasari ya mikutano ya shirika lenye makao Marekani. Wameandika hoja ya bajeti "was tabled until March". Niandike "iliwasilishwa hadi Machi"?

Hebu isome kwa sauti. Kitu huwasilishwaje "hadi" Machi? Andika "iliahirishwa hadi Machi".

Kwa siku za mbele, tazama maneno yanayokizunguka kitenzi. Kikifuatwa na "until", ni kuahirisha. Ukikuta "motion to table", karibu kila mara ni Marekani, na hoja inawekwa kando. Kikifuatwa na "by" pamoja na cheo cha waziri au mbunge, ni kuwasilisha. Ukikosa dalili yoyote, muulize aliyeandika, usibahatishe. Ukiandika "iliwasilishwa", tawi litaamini bajeti imeshajadiliwa na litaanza kutumia fedha ambazo hazijaidhinishwa. Na wewe ukiandika Kiingereza kitakachosomwa pande zote mbili, kiepuke kabisa kitenzi hiki. Tumia "introduce" au "postpone", hakuna atakayekosea.

Gazeti la Kiingereza limesema muswada umekuwa "tabled" Dodoma. Kwa hiyo sheria imepita?

Haijapita! Katika Bunge la Tanzania, zinazowasilishwa mezani ni hati: taarifa za mwaka, taarifa za kamati na kadhalika, tazama Taarifa Rasmi za Bunge, zina kichwa chake kabisa. Muswada wenyewe husomwa mara ya kwanza, ukaenda kwenye kamati, ukarudi kusomwa mara ya pili, ukapita Kamati ya Bunge Zima, ukasomwa mara ya tatu, ndipo uende kwa Rais kutiwa saini. Waandishi wa Kiingereza wanaukunja mlolongo huo wote ndani ya neno moja, kisha mtu anarusha kwenye kundi la WhatsApp kwamba "sheria mpya imeshapita". Kabla hujarusha, uliza umesomwa mara ya ngapi.

"Turn the tables" nayo imetoka bungeni?

Hapana. "Tables" lilikuwa jina la zamani la michezo ya ubao ya jamii ya bakgamoni. Ukiugeuza ubao, unachukua upande wa mpinzani wako.

Meza ni neno la Kiarabu?

La Kireno, "mesa". Limekuja na wenzake bendera, leso na gereza.