Barua ya Kirafiki: Mbona Zote Zinafanana?

SWALI: Nasomesha Kiswahili darasa la sita. Kila nikitoa zoezi la barua ya kirafiki, nakusanya madaftari 42 na barua moja. Wote huanza: "Madhumuni ya barua hii ni kutaka kujua hali yako, ama mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Inafuata mistari miwili mitatu, halafu "sina mengi ya kuandika". Sura ya barua wanaijua. Nifanye nini?
Mwalimu, Wete

JIBU: Mwalimu, watoto hao wanakariri kwa sababu hawana wa kumwandikia. Zoezi linasema "mwandikie rafiki yako umweleze ulivyotumia likizo", na rafiki mwenyewe anakaa naye dawati moja, likizo wamecheza pamoja. Habari ya kumpa iko wapi? Basi mtoto huokota maneno aliyoyakuta kwenye daftari la kaka yake. Tafuta kwanza mwandikiwa wa kweli. Zungumza na mwalimu mwenzako wa Unguja, Makunduchi kwa mfano, mwenye darasa kama lako, mgawane majina ili kila mtoto wako apate mwenziwe kule. Huyo wa kule haijui Wete, na wako hajui Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya ya huko, unavyosherehekewa. Hapo pana la kuuliza na la kujibu. Barua zote zitieni katika bahasha moja kubwa, iende mara moja kwa mwalimu wa pili.

Sura ya barua isikuchukulie zaidi ya kipindi kimoja. Andika barua fupi kwenye karatasi ya manila, uikate vipande 6: anwani ya mwandishi, tarehe, kianzio ("Mpendwa Asha,"), salamu, habari yenyewe, kisha maagano na jina. Vikundi vya watoto 5 au 6 wavipange sakafuni. Anwani ikae juu kulia, tarehe chini yake. Mistari ya anwani wapo wanaoishusha kwa ngazi na wapo wanaoinyoosha. Zote mbili zinakubalika, mradi mtoto asichanganye. Anwani ni moja tu. Ukimwona katia mbili, au kaandika "YAH:" na kuipigia mstari, amechanganya na barua rasmi. Kumkata maksi peke yake hakumsaidii. Mwekee barua ya kirafiki na barua rasmi ubavu kwa ubavu, azitofautishe kwa macho yake.

Kazi hasa iko katikati ya barua, na kipindi cha pili kalamu ziwekwe chini. Wakae wawili wawili, mmoja aulize, mwengine ajibu: ulikuwa wapi, nani alikuwepo, mikono yako ilifanya nini, ulisikia harufu gani, kitu gani kilikwenda kombo? Chukua mtoto aliyeandika "Likizo yangu ilikuwa nzuri na nilifurahi sana." Akishasailiwa hivyo, anaweza kutoa hii:

"Babu alituchukua shamba kuchuma karafuu. Mimi sikupanda, nilikaa jamvini na bibi tukichambua, makonyo huku, karafuu huku. Vidole vilininata, na harufu haikutoka hata nilipokoga kwa sabuni. Siku ya tatu mvua ilitukuta zimeanikwa, sote tukakimbilia majamvi."

Hapana neno gumu hapo, na mtoto wa darasa la sita analimudu kila moja. Lakini mtoto wa Makunduchi atataka kujua kama zile karafuu ziliokolewa.

Kipindi cha tatu ndipo waandike: salamu sentensi 2 au 3, habari aya 2 au 3, kila aya na jambo lake, maagano sentensi 2. Ndani yake yawemo maswali 2 ya kweli kwa mwandikiwa, maana hayo ndiyo yatakayoleta jibu. Kipindi cha nne wabadilishane madaftari, na msomaji atie alama mahali pawili anapotaka kuelezwa zaidi. Hapo ndipo barua inaponenepa. Nakala safi ifuate. Jibu likija kutoka kule, mfundishe mtoto ayajibu maswali ya mwenziwe kabla ya kutoa habari zake. Wengi hujibu barua kana kwamba hawakuisoma.

Ama ile "hofu na mashaka", usiipige marufuku bila maelezo. Wazee wetu walipoandikiana kwa herufi za Kiarabu nao walikuwa na salamu ndefu za kurithi. Ilikuwa adabu, na baada ya "wabaadu", neno la kutoka kwenye salamu kuingia kwenye habari, habari ilitolewa kwa ukamilifu. Tatizo la leo ni kwamba salamu imebaki na habari imeondoka. Mtake mtoto aandike salamu inayomfaa huyo mmoja tu: "Mwalimu alituambia ulikuwa na homa, je umeshapoa?"

Katika kusahihisha, kwa maksi 10 tunapendekeza sura 2, habari 5, lugha 3. Sura ikipewa nusu ya maksi, watoto wataishia kwenye sura. "Cjui" na "xaxa" za simu zihesabu kwenye lugha.

SWALI: Mwanangu anamwandikia bibi yake. Aanze "Mpendwa" au "Shikamoo"?
Mzazi, Mkoani

JIBU: Zote, kila moja mahali pake. Kianzio kiwe "Kwa bibi yangu mpendwa," na aya ya kwanza ifungue na "Assalaam alaykum" au "Shikamoo bibi". "Mambo vipi" aiweke kwa wenzake. Mwishoni aandike "Mjukuu wako" na jina lake moja. Majina matatu na saini ni ya barua rasmi. Kama ana ombi, litangulizwe na habari za nyumbani, na lisemwe waziwazi, bibi asilazimike kubahatisha.

SWALI: Bahasha inaandikwaje barua ikienda kwa mwanafunzi?
Mwanafunzi, Chwaka

JIBU: Barua nyingi huishia kwenye sanduku la posta, na watoto wengi hawana lao. Kwa hiyo tumia la skuli. Mstari wa kwanza jina lake kamili, wa pili darasa lake, wa tatu jina la skuli, wa nne S.L.P. na namba, wa mwisho mji. Yakae katikati ya bahasha, stempu kona ya juu kulia. Anwani yako iandike nyuma, ili barua ikikosa mwenyewe iweze kurudi kwako. Tumia kalamu ya wino. Ya risasi hufutika ikisuguana na barua nyengine mfukoni.