Mwanangu, ngozi yako bado ina nafasi

Mwanangu mpenzi,

Nimeisoma meseji yako nikaamua nikujibu kwa barua, manake kwenye simu utanikatiza kila dakika na mimi nitasahau nusu ya ninayotaka kukwambia. Umeniuliza hivi: mama, miaka yote ile niliyokua naota jua nipate rangi, na baadae vile vitanda vya taa, sasa nina madoa mashavuni, mistari pembeni ya macho, kifua kimejaa vidoa vya kahawia na ngozi imekua ngumu kabla ya wakati wake, je inarudi au ndo basi tena? Afu ukaniuliza kuhusu krimu ya rafiki yako inayofuta madoa kwa wiki moja. Na chini kabisa, kama kitu kidogo tu, ukataja alama nyeusi kwenye kigimbi cha mguu ambayo unahisi imekua. Hiyo ya mwisho kwangu ndo ya kwanza kwa umuhimu, nitaifikia, ila nataka usome na haya mengine yote.

Inarudi, mama. Sio yote, lakini kubwa kuliko unavyofikiri. Nimefanya kazi ya unesi kliniki ya ngozi miaka mingi, nimeona nyuso zilizochoka na jua zikitulia, na karibu kila mara waliofanikiwa ni wale walioanza kwa kuacha kuijeruhi ngozi kabla hawajanunua kitu chochote cha kuitibu.

Kwanza elewa kilichotokea. Ile rangi uliyokua unaitafuta ni ngozi inajihami. Jua lina miale ya aina mbili inayotuumiza, UVB na UVA. Miale ya UVB inapiga safu ya juu na kuvunja DNA ndani ya seli, seli ikishajeruhiwa inaagiza melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, ije kuikinga, na hiyo melanini ndo wewe unaiona kwenye kioo unasema nimependeza. Yaani hakuna rangi ya jua isiyotanguliwa na jeraha. Na watu wanadhani ukishapata rangi umejikinga, wapi, kinga yake ni kama SPF (kile kipimo cha kinga ya jua) 3 au 4 tu, karibu na bure. Miale ya UVA yenyewe inazama chini zaidi mpaka kwenye kolajeni, zile nyuzi zinazoshika ngozi isilegee, inaamsha vimeng'enya vinavyozikatakata, na kwa kua haiunguzi sana mtu hashtuki. Vile vitanda vya taa vinatoa zaidi UVA, ndo maana ulikua unatoka pale huna maumivu ukaamini ni salama kuliko jua la nje. Mwaka 2009 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, Shirika la Afya Duniani, liliviweka kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na sigara, na mwaka huohuo Brazil ikavipiga marufuku kabisa. Sikwambii haya kukutisha, nakwambia ili ukikutana na mtu anayekushauri urudi kidogo tu kwa ajili ya sherehe ujue unamjibu nini.

Sasa tiba. Dawa ya kwanza ni sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, na najua umeshakunja uso, unaona mama ananiambia kitu cha kawaida wakati mimi nataka cha kurekebisha. Ngoja. Kule Australia kwenye mji wa Nambour walichukua watu wazima mwaka 1992, wengine wakaambiwa wapake kila siku, wengine wapake wanavyojisikia, wakafuatiliwa mpaka 1996. Matokeo ya uzee wa ngozi yalitoka 2013: wale wa kila siku ngozi zao hazikuonyesha kuzeeka zaidi kwa kipindi chote hicho, na dalili za uzee kwao zilikua pungufu kwa asilimia 24 ukilinganisha na wenzao. Na kuna utafiti mwingine mdogo wa 2016 ambapo watu wenye ngozi iliyoharibiwa na jua walipaka SPF 30 usoni kila siku mwaka mzima, madoa yakapungua na ngozi ikalainika. Kwahiyo ukiizibia jua ngozi inapata nafasi ya kufanya kazi yake yenyewe, ni kama fundi uliyekua unambomolea ukuta kila jioni na leo umemwacha amalizie.

Ila watu wengi wanapaka kidogo mno afu wanasema haifanyi kazi. Chora mistari miwili ya sanskrini kwenye vidole viwili, cha shahada na cha kati, kuanzia chini mpaka nchani, hiyo ndo ya uso na shingo. Kifua chako uongeze, masikio usiyasahau na migongo ya mikono pia, manake mikono ndo inatoa siri ya umri wa mtu. SPF 30 kwenda juu, na hakikisha kopo linasema inazuia UVA pamoja na UVB, manake namba ya SPF inahusu zaidi UVB na wewe adui yako mkubwa ni UVA. Ukiwa nje rudia kila masaa mawili. Ukikaa karibu na dirisha napo paka, UVA inapita kwenye kioo. Kwa hayo madoa ya kahawia chukua ile yenye rangi ndani, zina oksaidi ya chuma, manake hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho unayakoleza madoa na sanskrini nyeupe ya kawaida haiuzuii vizuri. Kofia pana na nguo ya mikono mirefu vinashinda kopo lolote, hilo sina mjadala nalo.

Ukishaishi hivyo miezi miwili mitatu bila kuruka ndo uende kwa dokta wa ngozi umuulize kuhusu tretinoini, krimu ya kupaka inayotokana na vitamini A. Hii mwanzo ilikua dawa ya chunusi, wagonjwa wakaanza kusema ngozi zao zimelainika na mikunjo imepungua, watafiti wakaifuatilia miaka ya 80, na Marekani ikaipitisha rasmi kwa ngozi iliyoharibiwa na jua mwaka 1995. Inaharakisha seli mpya kupanda juu na inahimiza kolajeni mpya kutengenezwa kule chini, ndo maana naiamini kuliko seramu zote unazoziona mtandaoni. Lakini inataka adabu. Usiku tu, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, ngozi ikiwa kavu, mara mbili kwa wiki mwanzoni na mafuta yako ya kawaida juu yake. Wiki za kwanza utachubuka, utawashwa, utaona kama umeharibika zaidi, hapo wengi wanatupa. Usitupe, punguza siku tu. Madoa na ulaini utaanza kuviona miezi mitatu mpaka sita, mikunjo inachukua zaidi. Na kama nyie wawili mnapanga mtoto mwaka huu kama ulivyonidokeza, basi tretinoini na ndugu zake akina retinoli usiguse kabisa, muulize dokta kuhusu asidi ya azelaiki, hiyo inafifisha madoa na wajawazito wanaruhusiwa. Vitamini C asubuhi chini ya sanskrini ni nzuri pia, ikishabadilika kua kahawia imeharibika uitupe. Usianze vyote siku moja, tafadhali, ngozi ikikasirika hutojua nani kaikasirisha.

Haya, hiyo krimu ya wiki moja. Doa la jua limejengwa miaka mingi mwanangu, kitu kinacholifuta kwa wiki moja ni cha kuogopwa. Krimu za namna hiyo zisizo na maelezo ya kueleweka mara nyingi zimewekwa zebaki, au steroidi kali kama klobetasoli, au haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, ya kiwango asichojua mtu. Zebaki inaingia mwilini na kuharibu figo, na mama anaweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Steroidi itakupa uso unaong'aa mwezi wa kwanza, afu ngozi inakua nyembamba, mishipa inaonekana, na ukiacha uso unawaka moto mpaka unarudi kuipaka tena ukilia, nimewahudumia hao, sitaki uwe mmoja wao. Haidrokwinoni yenyewe dokta anaweza kukuandikia kwa muda maalum na akakufuatilia, hilo halina shida, lakini ukijipakia mwenyewe muda mrefu tena juani inaweza kuleta weusi wa bluu usiotoka, yaani unafuta doa unapata baya zaidi. Mrudishie rafiki yako krimu yake, na umwambie na yeye aache, kama ameitumia muda mrefu aonane na dokta kwanza asikate ghafla.

Leza na kuchubua kwa asidi kali vipo na vinasaidia, hasa madoa ya kifuani. Nataka usubiri lakini. Ngozi yenye rangi mbichi ya jua haipigwi leza, na sisi wenye asili ya kupata alama nyeusi hata tukikwaruzwa tu tunaweza kutoka na madoa mapya mashine ikishikwa na mtu asiyejua. Muulize amewahi kutibu ngozi kama yako mara ngapi, akijibu kwa kuzunguka ondoka.

Na kama rangi bado unaitamani, mimi sikusemi, kuna zile losheni za DHA zinazopaka rangi safu ya juu iliyokufa, inakaa kama wiki inatoka. Haikingi jua, sanskrini palepale.

Sasa mguu. Nataka uiangalie hiyo alama leo mchana kwenye mwanga mzuri. Je nusu moja haifanani na nyingine? Kingo zimechongoka? Ina rangi zaidi ya moja, nyeusi na kahawia na pengine wekundu? Imezidi milimita 6? Na kubwa kuliko zote, inabadilika? Wewe mwenyewe umeshaniandikia kwamba imekua, kwahiyo hata kama majibu mengine yote ni hapana bado unaenda kwa dokta. Alama nyingi zinakua hazina neno na mimi naomba hii iwe mojawapo, lakini melanoma, ile saratani ya ngozi iliyo hatari, ikikamatwa mapema inakatwa mambo yanaisha, ikicheleweshwa inasafiri mwilini. Usije ukaambiwa na mtu kwamba ni ugonjwa wa wazungu tu, Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36 kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Angalia na nyayo zako, viganja, na kucha, mgongo mwambie mume wako akuangalie. Ukigusa usoni ukakuta sehemu inakwaruza kama msasa na haiponi hata ukipaka mafuta, muonyeshe dokta nayo, jua la miaka mingi linaacha mabaka ya aina hiyo na baadhi yanaweza kugeuka saratani, wanayagandisha kwa naitrojeni ya kimiminika au wanakupa krimu maalum.

Dokta akitaka kuikata na kuipeleka maabara kubali palepale, ni sindano ya ganzi na nyuzi chache. Usiikwangue, usiipake chochote, usiiunguze na hizo dawa za kutoa vidutu, manake maabara inahitaji kuiona nzima.

Piga picha ya hiyo alama uweke rula pembeni, unitumie leo. Kesho asubuhi piga simu kliniki, useme neno lenyewe hivi, nina alama imebadilika ukubwa, wakisikia hivyo wanakua na sababu ya kukutafutia nafasi ya karibu. Afu niambie wamekupa tarehe gani nije tuende wote.

Mama yako